Mchezo wa Hesabu wa Mama

Mama yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Gilgil, aliwahi kuniandikia mchezo wa hesabu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C nilipokuwa mtoto. Juzi alikuja kwangu Nakuru na faili yake, akitaka kuuona tena.

Nilidhani ni kazi ndogo. Lakini kompaila, inayogeuza maandishi ya C kuwa programu, ikagoma. Haikuijua amri ya clrscr, ya kufuta skrini, wala gotoxy, ya kupanga maneno mahali pake. Nikirekebisha kosa moja, linazuka lingine. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikafuta nilichoandika, nikasimama tena.

“Si ukae kwanza,” Mama akasema. “Hizo hazikuwa za C yenyewe. Zilikuja na kompaila yetu ya zamani. Ziandike mwenyewe.”

Nikaziandika huku mguu ukitikisika chini ya meza. Skrini ikafutika, ikauliza saba mara nane ni ngapi. Mama akaandika hamsini, makusudi. Yakatokea maneno: “Umekaribia. Pumua, halafu ujaribu tena.”

“Utotoni, hapo ndipo ulipokuwa unatoroka mezani,” akasema akicheka.

Nilivuta kiti karibu naye, nikaandika jibu.