Vibua Waliolala

Mwanangu, kaa hapa karibu, na simu iweke kando kidogo. Nasikia umepata meza yako ya biashara pale Ukunda, nami nimefurahi. Lakini ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mikono hunipoa hadi leo, na sitaki wewe uifikie siku kama ile ukiwa peke yako.

Nilikuwa mama karanga pale Gazi, mmoja wa wale wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza. Nilikuwa kijana, nina watoto wawili, na karai la kukaangia ndilo lililotulisha. Siku hiyo vibua walikuwa wengi na rahisi, nikajaza mabeseni mawili.

"Mejumaa," wenzangu wakacheka, "hata papa umewaachia chakula kweli?"

Nikacheka nao. Kisha mvua ikashika tangu adhuhuri, wateja wakabaki majumbani, na beseni moja likanibakia zima. Barafu hatukuwa nayo. Desturi yetu ilikuwa kwamba samaki wakibaki, unawaita wenzako siku ile ile, mnawapasua na kuwatia chumvi wawe ng'onda. Mimi sikumwita mtu. Niliogopa kuchekwa mara ya pili, mwanangu. Hilo tu. Niliwafunika kwa gunia bichi, nikawaacha.

Asubuhi macho yao yalikuwa yamezama. Nilijua. Nikawasugua kwa ndimu, chumvi na bizari nyingi, nikakaanga nusu yao hadi wakakauka. Harufu ikaisha, nikajiambia kwamba moto umemaliza kila kitu. Sasa najua kuwa kibua akishakaa kwenye joto, sumu yake haitoki kwa kukaangwa.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani yangu Saumu, mjamzito wa miezi minane. Alikula wawili papo hapo, amesimama, akinitania kwamba aliyemtuma ni mtoto. Haikupita saa moja, nikamsikia mama mkwe wake akipiga kelele njiani: "Jamani, gari! Saumu kavimba uso, moyo wamwenda mbio!" Wakamkimbiza hospitalini Msambweni.

Unadhani nilimfuata? Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikaanza kuwafukia wale vibua waliobaki. Akilini nilimwona Saumu amefunikwa shuka. Niliwaona watoto wangu wakilala njaa. Nyayo zote zilizopita barabarani, nilidhani zinanijia mimi.

Aliyenijia alikuwa Bi Mwanatumu, mkubwa wetu sote katika kazi ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tangu lini samaki wakazikwa saa nne asubuhi?"

"Wameungua, bibi."

Aliokota mmoja mbichi, akambonyeza, akamnusa. "Huyu hakuungua. Huyu amelala tangu jana."

Nikaanza kulia. "Watanimaliza, bibi. Nikisema, hakuna atakayenunua kwangu tena."

"Basi wasinunue! Huko hospitalini wanahangaika na mimba yake, hawajui ametoka kula nini. Wewe wajua. Vaa buibui lako, twende."

Tulipofika, nilisimama mbele ya muuguzi, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu: "Amekula vibua wangu. Walikuwa wa jana, na hawakuwekwa kwenye barafu." Mama mkwe wake alinigeukia, akanitazama. Daktari akaniuliza Saumu alikula wangapi na saa ngapi, kisha akaagiza sindano. Tukakaa kwenye benchi. Mlango ulipofunguka, roho ilinitoka. Ulipofungwa, ilinitoka tena. Alasiri ndipo muuguzi alipotuambia kuwa uvimbe unashuka, na kwamba moyo wa mtoto unapiga vizuri.

Saumu alijifungua salama. Hajanunua samaki kwangu hadi leo, na simlaumu. Kwa majuma mengi hakuna aliyenunua, na hapo ndipo nilipowajua wenzangu. Bi Mwanatumu alinikalisha kando yake, na kila mteja aliyesita alimwambia, "Wa Mejumaa nimewakagua mwenyewe asubuhi. Chukua." Wengine nao wakakubali tuwe na sanduku moja la barafu, la sisi sote. Wale wale niliowaogopa kicheko chao ndio waliolirudisha karai langu motoni.

Mwanangu, biashara ndogo ya mwanamke ina hofu nyingi, wala sitakudanganya kwamba huisha. Mimi ni mzee na bado huogopa. Lakini hofu ya kuchekwa isikufunge mdomo mpaka mtu mwingine aumie. Kicheko hupita. Kosa ulilolisema mapema lina watu wa kukusaidia kulibeba. Ulilolificha linakua huko huko ulikolificha. Na mwenzako akija kwako na aibu yake, mtanie kidogo ukipenda, kisha shika kisu mpasue samaki pamoja.

Mola akufungulie riziki ya halali, akukinge wewe na kila atakayekula kutoka mkononi mwako.

Na kesho, kabla hujawasha jiko, mwendee yule mama anayeuza jirani yako, umwambie: "Vitu vyangu vikibaki, nitakuita siku ile ile, na vyako vikibaki, niite."