Kurusha Mshipi Nchi Kavu

Kwetu samaki si chakula, ni kitu cha kumtania nacho mtu. Kijana akirudi Garissa kutoka Kisumu amekonda, anaulizwa kama huko alikuwa anakula samaki, naye anaapa kwa Mungu kwamba hakuonja hata mkia. Mto Tana unapita pale pale mjini, mpana na mwekundu, umejaa kambare, na mama yangu ameishi karibu nao maisha yake yote bila kutia samaki mdomoni. Nilipompigia simu kumwambia kwamba kazini nimepewa kukagua rili ya kuvulia samaki, aliniuliza nimemkosea nani huko Nairobi.

Mimi ni mkaguzi wa hataza. Mtu akibuni kitu kipya analeta ombi, na ndani yake anaandika madai, yaani ile sehemu anayotaka iwe yake, mwingine asiiguse bila ruhusa. Mimi nasoma, natafuta huku na huko duniani kama kuna aliyemtangulia, na kama yupo, namkatalia. Naipenda kazi hii. Na niseme tu, napenda pia kukataa, hasa nikiwa na sababu isiyojibika. Nyumbani wananiita mbishi tangu utotoni, na serikali ikaona inilipe kwa ubishi huo.

Ombi lenyewe lilikuwa la fundi mmoja wa redio kutoka Naivasha, na lilikwisha kutangazwa, kwa hiyo halikuwa siri. Rili ni gurudumu dogo lililokunjiwa mshipi. Ukirusha, chubwi, kile kipande cha risasi kilichofungwa mwisho wa mshipi, kinaruka na kuuvuta, na gurudumu linazunguka kuutoa. Gurudumu likikimbia kupita kiasi, mshipi unafura na kufumana pale pale kwenye rili, na asubuhi ya mvuvi inaishia kufumua. Ndiyo maana kuna breki. Breki za umeme zilizotangulia zilipima mwendo wa gurudumu. Fundi wa Naivasha alidai kwamba yake inapima mwendo wa mshipi wenyewe pale unapotokea, inaulinganisha na mwendo wa gurudumu, kisha ndipo inajua ikaze kiasi gani.

Nilimwona mjanja wa maneno. Mshipi si umekunjwa kwenye gurudumu? Gurudumu likizunguka mshipi unatoka, kwa hiyo ukipima kimoja umepima vyote viwili. Niliandika hivyo, akajibu kurasa nyingi, nikasoma na kubaki pale pale. Kilichobaki kilikuwa kumwita aje ajieleze mbele yetu mara ya mwisho. Nikishikilia msimamo wangu, ombi linakufa. Katika majibu yake alikuwa ameandika kwamba kuna kiwanda kimekubali kuitengeneza rili hiyo, lakini kwa sharti kwamba hataza itoke kwanza. Bila hataza angerudi kutengeneza redio za watu.

Bosi wangu, mtu aliyekulia kando ya ziwa huko Nyanza, alisoma rasimu yangu ya kukataa akicheka peke yake.

"Dada, wewe umewahi kushika mshipi?"

Nikamwambia sijawahi, na kwamba nilishakagua pia mashine ya kunyolea ndevu.

Siku niliyokuwa naondoka kwenda nyumbani kwa likizo ya Idd, aliniwekea mezani ufito na rili yake ya zamani, ile ya gurudumu lisilo na breki yoyote. "Karushe," alisema. "Ukirudi na neno lile lile, nitatia sahihi."

Basi nikaingia Garissa na ufito wa kuvulia, nimeufunga pamoja na jora la kitambaa nililomnunulia mama. Kitambaa kilipokelewa vizuri. Ufito uliegemezwa nje ya mlango, usije ukaleta harufu, ingawa ulikuwa haujagusa samaki kwa miaka. Nilipotaja kwenda mtoni kuujaribu, mama alikataa katakata.

"Hooyo, mamba wa Tana hawajui kwamba wewe ni mtu wa serikali," alisema, akiniita mama kwa Kisomali kama mama zetu wanavyowaita watoto wao. "Rusha hapa hapa. Wewe unataka kujua mshipi, hutaki kujua samaki."

Alisema kweli. Nyuma ya nyumba yetu pale mtaa wa Iftin kuna uwanja mtupu, mchanga mwekundu na vichaka viwili vitatu. Siku ya pili baada ya Idd, mchana, nikavaa kofia kubwa ya jua juu ya hijabu, miwani myeusi, viatu vya kazi, nikatoka na ufito wangu. Niliitoa ndoana nisije nikamvua mbuzi wa mtu, nikabakiza chubwi tupu.

Mara ya kwanza chubwi ilianguka miguuni pangu. Mara ya pili ilikwenda nyuma. Lakini mkono unajifunza, na upepo wa Garissa, ule unaobeba vumbi na mifuko ya watu, ulikuwa unanisukuma mgongoni. Baada ya muda nikaanza kurusha mbali sana, ng'ambo kabisa kwenye ukuta wa mzee mwenye duka la mchele, na mshipi ukatoka laini bila kujikwaa. Nilifurahi mno. Nikajiona mvuvi, na rasimu yangu nikaiona imethibitika.

Sikuwa nimeangalia nyuma. Nilipogeuka, uwanja ulikuwa na watu. Sasa fikiria walichokiona wao. Uwanja ule haujawahi kupimwa; kila upande unasema ni wake tangu enzi za babu. Halafu anatokea mtu wa serikali kutoka Nairobi, kofia, miwani, na anatupa kamba kutoka katikati kwenda upande mmoja, anatembea hadi inapoanguka, anatazama chini, anarudi, anatupa tena. Hata mimi ningetoka nyumbani. Mzee wa duka alikuwa amesimama pale chubwi ilipoangukia, ameshika kiuno, ana uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Upande wa pili, upepo unakotoka, alisimama jirani yetu mwenye mbuzi weupe. Mama huyu amenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na siku zote tunaongea Kisomali. Siku ile alinijia na Kiswahili. Ndipo nilipojua kwamba kwake mimi si mtoto wa jirani tena, nimekuwa ofisi.

"Wewe serikali," alisema. "Kule nabima, huku habimi. Kwa nini? Sisi si watu?"

"Eddo, sipimi ardhi," nikamwambia kwa Kisomali, nikimwita shangazi kama siku zote. "Najaribu kitu cha kuvulia samaki."

Alitazama mchanga kushoto na kulia, akawatazama wenzake, na wote wakaangua kicheko. Samaki! Kwa kweli hata mimi nilisikia jinsi uongo ule ulivyo dhaifu. Serikali imesema mengi kwetu, lakini hilo la kuvua samaki mchangani lilikuwa jipya.

"Rusha huku," alisema. "Kama kule. Sawa sawa."

Sikuona ubaya. Nikageuka, nikaukabili upepo, nikarusha kwa nguvu zile zile. Gurudumu likaanza kwa sauti ile ile, zzzzz. Chubwi ilipaa, ikakutana na upepo, ikapoteza nguvu hewani kama mtu aliyekumbuka kitu, ikaanguka karibu. Na gurudumu mkononi mwangu halikuwa na habari. Liliendelea kuzunguka na kutapika mshipi, mshipi ukafura, ukaruka nje, ukafumana mpaka vidole vyangu havikuonekana.

"Mfubi!" mama wa mbuzi weupe akapiga kelele. "Kule mrefu, huku mfubi! Hii ni haki?"

Watu wa upande wake wakapaza sauti. Mmoja akasema nimehongwa mchele. Mzee wa duka akawaambia kamba ya serikali haiwezi kukosea. Mjomba wangu, abti, kaka yake mama, mtu asiyeweza kusikia ugomvi bila kuuingia, akatoka nyumbani na kikoi chake kuja kunitetea.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, nimeshika lile fundo, nacheka. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Abti alidhani jua limenipiga. Lakini nilikuwa nimeona! Nguvu zile zile, gurudumu lile lile, mwendo ule ule wa kuanzia, na upande mmoja mshipi umekwenda, upande mwingine umesimama. Gurudumu halijui upepo. Mshipi ndio unaojua. Breki inayolisikiliza gurudumu peke yake inabahatisha tu, na yule fundi wa Naivasha alikuwa amenieleza jambo hilo kurasa nzima, nami nimekaa ofisini ambako hakuna upepo.

"Eddo, rudia ulichosema," nikamwambia.

"Kule mrefu, huku mfubi," alirudia kwa hasira, akidhani namdhihaki.

Nikamkumbatia. Akanisukuma, maana hakuja kukumbatiwa, alikuja kudai haki yake.

Abti alipoelewa jambo lenyewe, alitangaza kwamba tatizo ni mkono wangu wa ofisini, akachukua ufito. Abti alikuwa anawafukuza fisi kwa mawe huko Ijara alipokuwa kijana. Alirusha kuukabili upepo kama anayemlenga fisi, na fundo alilolipata lilikuwa kubwa kuliko langu mara mbili. Hapo ndipo hata waliokuwa wamenuna walipovunjika mbavu. Kila mtu akataka kujaribu. Mama akaleta mkeka na chai ya maziwa ya ngamia, tukakaa kufumua mshipi, watu wa upande wa mchele na wa upande wa mbuzi, kila mmoja ameshika kipande chake na kumlaumu mwenzake kwa kukikaza. Nimehudhuria Idd nyingi, na sikumbuki iliyonifurahisha kama ile.

Ila mama wa mbuzi weupe hakuketi. Alikunywa chai akiwa amesimama, na aliponirudishia kikombe alisema, bado kwa Kiswahili, "Mimi nakumbuka."

Fundi wa Naivasha alikuja siku aliyoitwa. Alikuwa mtu mzima, ana koti lililopigwa pasi mno, na rili yake ameifunga kwenye taulo. Alianza kusoma maelezo yale yale aliyotuandikia, haraka haraka, kama mtu anayejua kwamba amekwisha kukataliwa. Bosi alikaa pembeni, ananitazama mimi.

"Samahani," nikamkatiza. "Ukirusha kuukabili upepo, breki ya zamani inafanya nini?"

Akaacha kusoma. "Inachelewa, madam. Inaona gurudumu linakimbia vizuri, inaliacha. Haijui kwamba mshipi umeshachoka."

"Na yako?"

"Yangu inauona mshipi." Akanyanyua uso. "Madam anavua wapi?"

"Garissa."

"Mtoni? Kwenye mamba?"

"Hapana," nikasema. "Nyuma ya nyumba ya mama. Mchangani."

Bosi alikohoa ili asicheke. Sikumpa fundi kila kitu alichokiomba, maana ubishi wangu sikuuacha Garissa. Alikuwa amedai pia breki yoyote inayopima mshipi kwa namna yoyote, na hilo lilikuwa pana mno. Tukalipunguza hadi kwenye ule ulinganisho wa mshipi na gurudumu, ambao ndio hasa kazi ya akili yake. Kwa hilo nilikubali. Nilipomwambia, alikaa chini polepole, akaifunika rili yake kwa taulo, akaifunua tena, akaitazama. Halafu akalia bila kujificha, na mimi macho yangu hayakuwa makavu. Alitaka kuniachia rili ile kama shukrani. Nilimkatalia, na hapo kukataa hakukuwa na raha yoyote.

Nilisubiri mpaka ikaanza kuuzwa madukani, nikanunua yangu kama mtu mwingine yeyote, na Idd iliyofuata nikaingia nayo Garissa. Safari hii ufito uliruhusiwa ndani ya nyumba. Mama mwenyewe ndiye aliyepita akiwaambia majirani kwamba kitu kimekuja.

Walikuwepo wote. Nilianza na upande wa mchele, upepo mgongoni, chubwi ikafika ukutani kama zamani, na mzee wa duka akatikisa kichwa kwa adabu. Kisha nikageuka. Mama wa mbuzi weupe alikuwa mbele ya boma lake, mikono kifuani. Sijawahi kuogopa mbele ya bosi wangu kama nilivyoogopa mbele yake. Nikarusha kwa nguvu zile zile, upepo ukanipiga usoni, chubwi ikapaa, ikapungua nguvu, na rili mkononi ikanguruma, ikajizuia, ikatoa mshipi kidogo kidogo, sawa na ulivyoombwa. Chubwi ilianguka hatua chache mbele yake. Hakukuwa na fundo hata moja.

Aliitazama chubwi, akautazama ukuta wa mzee wa duka kule mbali, akapima kwa macho. Ilikuwa fupi bado, na wote tuliona. Uwanja mzima ulimngoja yeye.

Aliinama, akaiokota chubwi, akanijia nayo huku mshipi ukijiburura nyuma yake mchangani. Akaniwekea kiganjani.

"Hiyo iliyopungua ni ya upepo," alisema, na alisema kwa Kisomali. "Si yako. Nimekusamehe, binti yangu."

Kisha akaketi mkekani na kumwitisha mama chai.