Pipeti za Ami Shehata

Kwa miaka thelathini na moja Ami Shehata alitunza maabara ya shule yetu ya wasichana, mjini Damanhuri, na miaka yote hiyo hakuna aliyeiona pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia, nje ya kabati. Kila chombo alikipokea kwa sahihi yake, na mtunzaji hapewi barua ya kustaafu mpaka kamati ihesabu na kukuta vyote viko salama. Barua hiyo aliitamani kuliko kitu chochote, aende zake mji wa Rashidi kwenye mitende yake.

Basi sisi walimu wa kemia tukapewa bika, vile vikombe vya kioo. Nilimweleza mpaka koo likanikauka: mistari ya bika ni ya kukadiria tu, silinda ya kupimia ina nafuu, lakini ukitaka mililita ishirini na tano kamili za asidi, hapo ni pipeti. Akanijibu, kwa upole unaokera, kwamba mstari ni mstari. Nilimchukia siku hiyo, nasema kweli. Wasichana wangu walipima asidi kwa macho kama wanaopika mchuzi wa molokhia.

Mwezi wa tatu kamati ikaja, mabwana watatu. Wakahesabu asubuhi nzima, hakikukosekana kitu. Ami Shehata alivaa suti aliyoishonesha kwa harusi ya binti yake.

Mwenyekiti akamtazama kwa shaka. "Hujavunja hata kimoja?"

"Hata kimoja, bwana mkubwa."

"Haiwezekani, haji. Hivi ni vipya. Vya zamani umevipeleka wapi?"

Kanuni, akasema, inataka japo hati moja ya chombo kilichovunjika kazini, tena cha kupimia hasa, bika haihesabiwi. Na asivunje kwa makusudi, hilo ni kosa jingine. Wangerudi baada ya mwezi.

Kesho yake Ami Shehata akafungua kabati mwenyewe, akagawa pipeti zote kumi na mbili. Wasichana wakavuta asidi kwa kipira cha kunyonyea, wakaishusha taratibu mpaka ikagusa mstari. Ishirini na tano kamili. Nilitaka kulia kwa furaha. Yeye alisimama mlangoni akisubiri mlio wa kioo.

Wiki nne zikapita. Wasichana hao, aliowatisha wasivunje kitu tangu walipoingia shuleni, walizishika pipeti kama mayai, wakaziosha na kuzirudisha zote. Siku moja kabla ya kamati kurudi, alinivuta pembeni, macho yamemwiva.

"Binti yangu," akasema, "naomba unisaidie. Wafundishe uzembe kidogo."