Ugali wa Boti

Niliziba mashimo ya boti ya mzungu na ugali. Ndiyo, ugali! Juzi, huko Gitothua, niliona fundi akifunga chuma cha kushikia injini nyuma ya boti, nikacheka, halafu kicheko kikanikauka.

Nikiwa mtoto, enzi za ukoloni, baba alikuwa fundi wa mbao kwa shamba la kahawa la huyo mzungu. Alipotoboa ile boti nyuma, sikujua ni mashimo ya kufungia injini, nikafikiria: mzungu akizama kwa bwawa la shamba, baba atashikwa na polisi. Basi baba alipoenda kuleta bolti, nikayaziba na ugali wangu wa mchana. Mzungu alipoona ugali kwa mashimo, akadhani baba anamchezea. Akamfuta kazi hapo hapo.

Njiani baba aliniuliza tu, “Na wewe sasa umekula nini?”

Kesho yake nilimwambia rafiki yangu Kamau. Akasema, “Baba yako angalau amerudi nyumbani. Wangu alishikwa na polisi, hajarudi, na hakuwa ametoboa kitu.”