Historia ya Marehemu Aliye Hai

Kijijini Kalenga mtu hazikwi bila historia yake kusomwa, na tangu Mwalimu Faustina Kalinga astaafu, mwandishi wa historia hizo ni yeye. Ana mwandiko mzuri, ana sauti ya kufika nyuma, na halii ovyo. Marehemu wa Faustina huzaliwa, husoma, huoa au huolewa, "huanza kusumbuliwa na maradhi", kisha huacha watoto na wajukuu. Hata yule mlevi wa ulanzi aliyeangukia mtaroni, Faustina alimwandikia kwamba enzi za uhai wake alipenda kukaa na watu. Huo haukuwa uongo.

Kazi hii aliianza kwa hasira. Mama yake alipofariki, historia iliandikwa na mjomba, sentensi tatu tu: alizaliwa, aliolewa, alizaa. Mama aliyesomesha watoto kwa kusuka vikapu vya nyasi za milulu mpaka vidole vikapinda, akafukiwa kwa sentensi tatu. Jambo hilo lilimuuma Faustina siku ile, na halijaacha kumuuma.

Basi mwaka huu Matilda, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akamwomba awaandikie watoto wa darasa la tatu maisha ya wanawake mashuhuri wa dunia, awe anakuja kuwasomea kila Ijumaa. Faustina alianza na Kleopatra.

"Marehemu Kleopatra alizaliwa huko Misri katika familia ya kifalme," alisoma. "Alibahatika kupata elimu. Enzi za uhai wake aliishi vizuri na majirani, isipokuwa baadhi ya Warumi. Alisumbuliwa na sumu ya nyoka kwa muda mfupi. Ameacha watoto wanne."

Darasa zima likasimama. Hakuna aliyewaamuru, mtoto wa Kalenga anajua historia ikiisha watu hufanya nini. Dawati la nyuma likaanzisha wimbo wa kuaga, na Matilda, aliyekuwa mlangoni, akajikuta naye ameinamisha kichwa.

Ijumaa iliyofuata malkia mwingine alizikwa vivyo hivyo, na baada yake daktari mmoja wa Ulaya. Ndipo binti mmoja, Tumpe, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hayo maneno mazuri yote, mwenyewe aliyasikia?"

"Hapana. Alikuwa ameshafariki."

"Sasa yanamsaidia nini?"

Faustina alikunja karatasi zake, akaliaga darasa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimwaza mama yake. Alipofika karibu na uzio wa jirani, akamwaza Evarista.

Bibi Evarista alikuwa muuguzi wa zahanati, sasa mstaafu. Ujanani alipeleka chanjo vijijini kwa baiskeli, wakati ambapo mwanamke juu ya baiskeli alikuwa habari ya kusimuliwa sokoni. Siku hizi alikuwa wa kitandani, miguu imevimba, na kwa uzoefu wake wa misiba Faustina alijua kwamba mavuno hayatamkuta. Akaamua kuiandika historia hiyo mapema, na safari hii mwenyewe aisikie, mbele ya darasa la tatu.

Philbert, mwana wa Evarista, hakutaka hata kusikia.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini kumsomea mtu historia angali hai ni uchuro. Unamchuria mama."

"Na akifa hajaisikia?"

"Nani huwa anaisikia? Ndivyo ilivyo siku zote."

"Ndiyo maana nimekuja."

Hapo sauti ya Evarista ikatoka chumbani.

"Philbert, nitafutie sweta langu jipya. Nakwenda msibani kwangu."

Ijumaa Evarista aliletwa shuleni kwa bajaji, akaketishwa kwenye kiti cha mwalimu mkuu na kufunikwa blanketi magotini. Philbert alibaki mlangoni amekunja uso. Faustina akafungua karatasi. Lakini mazoea yana tabu.

"Marehemu Evarista..."

Philbert akashika kichwa. Faustina alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Endelea," alisema Evarista. "Nataka kujua nilikufaje."

Faustina akaendelea. Alisoma habari za baiskeli. Alisoma habari za mto uliofurika, na sanduku la chanjo lililovushwa kichwani huku maji yakifika kifuani. Alisoma kwamba Bibi Evarista alikuwa mpole kwa watu wote.

"Hapo futa," alisema Evarista. "Nilimpiga kofi mwenyekiti wa kijiji alipowaficha watoto wake wasichanjwe. Andika hilo."

Faustina akafuta, akaandika. Watoto walicheka. Evarista hakucheka, machozi yalikuwa yanamtoka polepole, wala hakuyafuta.

"Kumbe yote hayo mlikuwa mnayaona," alisema.

Mahali pa maradhi na pa "ameacha" Faustina hakuwa ameandika kitu, kwa hiyo historia iliishia kwenye kofi la mwenyekiti. Watoto walitazamana. Tumpe akauliza kama wasimame.

"Kaeni," alisema Evarista. "Bado nipo."

Alifariki kabla ya mavuno, kama Faustina alivyokadiria. Wapo walionong'ona habari za uchuro, na Philbert mwenyewe ndiye aliyewajibu kwamba kilichomuua ni ile miguu. Kaburini, padri alipoita historia ya marehemu, Faustina alisimama mikono mitupu.

"Ameshaisikia," alisema, akaketi, akalia kwa sauti, yeye asiyelia ovyo.

Padri alingoja kidogo, labda kuna mengine. Hayakuwepo, akaendelea na ibada.

Watu waliporudi nyumbani na kunawa mikono, Philbert alimfuata Faustina pembeni. Aliangalia viatu vyake vyenye udongo.

"Mwalimu," alisema, "mke wangu ni mzima, haumwi chochote. Utakuja lini kumwandikia?"