Nafasi Tupu kwenye Orodha ya Dawa

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyokaribia kumlisha mtoto wa watu dawa isiyo yake, nami nimeketi zangu Gitega najisifu.

Unaniona leo nina sekretaria yangu, duka la kuchapa, hapa mtaani Yoba, kompyuta sita, na watu wenye diploma wananiuliza mimi. Shule niliacha darasa la tano. Kupiga chapa nilifundishwa na Mzee Rajabu kwenye mashine ya zamani ya chuma, na miaka ile hakuna kijana wa Gitega aliyenishinda kwa vidole. Ulizia, watakuambia.

Basi daktari mmoja akaniletea orodha ya mkono ya watoto waliolazwa kwenye zahanati upande wa Buhinyuza, kule Muyinga. Majina, kisha safu tatu za idadi ya vidonge: dawa ya kifafa, dawa ya homa, vitamini. Niiandike kwenye programu yao mpya, ile inayokuonyesha ukurasa umependeza huku chini kwa chini inaweka alama zake yenyewe, halafu niwatumie. Mtoto asiye na dawa fulani, daktari alimwachia patupu. Nami nikapiga kitufe cha nafasi, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka namba ikasimama chini ya safu yake. Kwenye mashine ya chuma, nafasi uliyopiga inabaki. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilinyooka. Nikatuma.

Mzee Rajabu akapita kunisalimu.

"We Hamisi, umeangalia vile wao wanaiona?"

"Mzee, mi na mashine hizi, unaniuliza mimi?"

Akanionyesha kwa kidole kompyuta ya pili pale kazini. Nikaifungua huko orodha kama nilivyoituma. Programu ilipohifadhi ilikuwa imezikunja nafasi zangu, nyingi zikawa moja, na namba zimekimbilia kushoto. Anitha, mtoto wa vitamini tatu tu, sasa alikuwa na vidonge vitatu vya kifafa.

Nikapiga simu zahanati. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne muuguzi akapokea.

"Dada, Anitha umempa dawa?"

"Iko hapa mbele yangu, maji anayo mkononi. Bon, kwanza we nani?"

"Mi niliyeandika orodha. Nimekosea. Mnyang'anye, na wengine wasipewe kwanza."

Nikasikia vidonge vikirudi kwenye kopo, kimoja kimoja, nami nahesabu. Vilitimia vitatu.

Mzee Rajabu aliniambia neno moja tu: "Vidole vyako iko mbio, macho yako iko wapi?" Nikaiandika orodha upya ndani ya jedwali, nikaituma tena.

Mwanangu, usinyooshe kazi kwa kupiga nafasi. Kioo kinakuonyesha uzuri tu. Chora jedwali, na pasipo kitu andika sifuri, ili patupu pasomeke. Kisha kaa kwenye kiti cha atakayesoma, uone anachokiona yeye, ndipo utume. Mungu akulinde wewe, na azidi kuwalinda wanaomeza ulichokiandika.