Mjukuu wangu na ile redio

Leo mtoto wa miaka nne ameniaibisha, mimi mzee mzima hapa Busia!

Binti yangu Nekesa kesho ana mtihani wa kazi ya kusaidia watoto wenye hawaongei, kama mjukuu wangu. Alikuwa anajizoesha naye: unaweka vitu viwili, unangoja achague chenye anapenda.

Nikasema, "Usisumbuke. Anapenda redio yangu."

Kweli, kati ya redio na kifuniko cha sufuria, akachukua redio mara tatu. Nikacheka sana!

Nekesa akabadilisha pande. Kifuniko kikakuja upande wangu. Mtoto akachukua kifuniko.

"Baba, anachagua upande wenye umekaa. Kwa mtihani hiyo ni kosa. Hama."

Nikahama nikinuna.

Mtoto akaacha vyote, akanifuata.

Nimemwambia Nekesa kesho aandike anapenda babu. Amekataa. Nyinyi mnasemaje?